Gari inazunguka kila nikitoka kona, nianzie wapi kujifunza kuendesha kwenye simuleta?

gia_ya_tatu:

Wakuu habari zenu. Nimepata usukani na pedali hivi karibuni, zamani nilikuwa nacheza gemu za magari kwa kontrola tu, zile za kukanyaga mafuta mwanzo mwisho. Saivi nimehamia Assetto Corsa, gemu ya simuleta ya kuendesha magari, na nimechagua Mazda MX-5 kwa sababu kila ninapouliza naambiwa ndo gari ya kuanzia, na traki naendesha Laguna Seca.

Shida yangu iko hivi. Nikiingia kona gari haitaki kukata, inaenda mbele tu, naongeza kukunja usukani bado inakataa, alafu ghafla inakubali na hapo hapo nikikanyaga mafuta nyuma inachomoka, najikuta natazama nilikotoka. Kona ya mwisho, ile ya kushoto ya taratibu kabla ya kuingia straiti ya kuanzia mbio, ndo inanisumbua kuliko zote. Nimeangalia video za watu wanapita pale wametulia kabisa, mikono haihangaiki, na wananizidi sekunde nyingi tu.

Sasa naomba mnielekeze, mtu anayeanza anatakiwa ajifunze nini kwanza? Vile visaidizi nivizime vyote au niviache? Na ule mstari wa rangi unaochorwa barabarani niufuate? Nina hamu sana ya kujua hili jambo vizuri sio kubahatisha.

mzee_wa_breki:

Karibu sana mkuu, umeuliza vizuri kwa sababu umeeleza gari inafanya nini, wengi huwa wanaandika tu "niko slo nisaidieni".

Ulichoeleza ni matatizo mawili lakini chanzo ni kimoja. Gari kukataa kukata ni andastia, nyuma kuchomoka ni ovastia, na kwako zote zinaanzia kwenye breki. Unaingia na spidi kubwa kuliko tairi za mbele zinavyoweza kushika, unaongeza kukunja, na hapo ndo unaharibu zaidi maana tairi ikishapita kiwango chake cha kukunjwa, kuongeza usukani hakuongezi gripu, yani kushika lami, inakwaruza tu lami. Spidi ikishuka yenyewe tairi za mbele zinashika tena, ila wewe usukani umeukunja mpaka mwisho, kwa hiyo gari inakata kwa nguvu ghafla, uzito wote unaenda upande mmoja, na muda huo huo unakanyaga mafuta. MX-5 inasukumwa na tairi za nyuma. Lazima izunguke hapo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni breki, na breki inafanyika kabla ya kona, usukani ukiwa umenyooka. Chagua alama ambayo haitembei, kibao cha mita au mwanzo wa ukingo wa rangi, usichague kivuli wala gari la mbele yako. Fika pale, kanyaga kwa nguvu mwanzoni, alafu uwe unaachia taratibu kadiri spidi inavyopungua. Wanaoanza wengi wanafanya kinyume, wanagusa kidogo, wanaona kona inakuja, wanaongeza, wanabana kabisa mlangoni mwa kona na tairi zinafunga. Tairi iliyofunga haikati kona, kunja utakavyo itaenda mbele tu. Ukisikia inalia na usukani umekuwa mwepesi mkononi, achia breki kidogo mpaka izunguke tena, usiachie yote.

Kuna hesabu moja inasaidia kuelewa kwa nini nang'ang'ania breki. Kwenye kilomita 180 kwa saa unakwenda mita 50 kila sekunde. Ukichelewa kukanyaga kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde umeshapita mita 5, na mita 5 kwenye kuingia kona ni nyingi mno. Alafu nguvu ya mwendo inakua kwa kipeo cha pili, gari la spidi 200 lina nguvu mara nne ya lile la 100, sio mara mbili. Ndo maana spidi ikiongezeka kidogo tu mwisho wa straiti unaona breki kama hazipo.

Sasa zoezi. Vuta alama yako ya breki nyuma, mapema kuliko unavyodhani inafaa, mpaka uone umefika kwenye kona taratibu mno na una muda wa kukunja bila haraka. Ukikaa hapo lapu (mizunguko ya traki) kadhaa bila kutoka nje, sogeza mbele kidogo kidogo. Usianzie mbele ukarudi nyuma, utajifunza kuokoa gari badala ya kuendesha.

Kuhusu kutoka kona, fikiria kuna kamba imefungwa kutoka kwenye usukani mpaka kwenye mguu wako wa kulia. Ukikunja usukani kamba inavuta mguu juu, ukinyoosha usukani ndo kamba inaruhusu mguu ushuke. Usiongeze mafuta huku bado unaongeza kukunja. Tairi gripu yake ni moja, ikiwa imeitumia yote kukata kona hakuna iliyobaki ya kusukuma gari mbele.

Na hiyo kona ya 11 ya Laguna Seca uliyoitaja, thamani yake iko kwenye kutoka sio kuingia, maana baada yake kuna straiti ndefu na kila kilomita kwa saa utakayotoka nayo pale unaibeba njia yote. Kaa kulia kabisa kabla ya kona, subiri, subiri tena kidogo kuliko moyo unavyotaka, ndo ukunje. Apeksi, yani ile sehemu unayogusa upande wa ndani, iwe imechelewa, baada ya katikati ya kona. Ukiigusa mapema utaona vizuri kwa sekunde moja alafu barabara inakuishia upande wa nje na inabidi uachie mafuta. Ukichelewa, gari inakuwa imeshaelekea straiti na unaweza kukanyaga bila woga.

bi_apeksi:

Mzee kasema kweli tupu kuhusu breki, ila mimi ningeanza nyuma ya hapo, nianze na macho na jinsi ulivyokaa, kwa sababu mtu hawezi kukanyaga breki mahali sahihi kama skrini inamdanganya umbali.

Ndugu gia_ya_tatu, angalia kwanza upana wa mtazamo kwenye setingi, wengi wanauacha ulivyokuja na unakuwa mpana mno, kila kitu kinaonekana kiko mbali na spidi inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Upana sahihi unategemea ukubwa wa monita na umbali wa macho yako, basi. Mfano monita ya inchi 27 ina upana wa kama sentimita 60, ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, mtazamo wa upana unakuwa kama digrii 53, na kwenye Assetto Corsa ambayo inahesabu kwa urefu wa kusimama inakuwa kama 31. Utaona ni finyu sana, utaona vioo vya pembeni havionekani, utachukia siku ya kwanza. Vumilia. Sogeza monita karibu nyuma ya usukani kadiri unavyoweza maana ikiwa karibu mtazamo unaongezeka kihalali.

Alafu macho. Ukifika kwenye alama ya breki macho yako yawe yameshahama yako kwenye apeksi, ukianza kukunja kuelekea apeksi macho yawe yameshaenda sehemu ya kutokea. Mikono inafuata macho hata usipoiamrisha. Anayeangalia boneti anaendesha kwa kushtuka, kila kitu kinamfikia ghafla, na ndo maana wale uliowaona kwenye video mikono yao imetulia, walishaona kona muda mrefu kabla hawajaifikia.

Ule mstari wa rangi mimi nakushauri uuzime mapema. Unakufundisha kuangalia rangi iliyo chini ya pua ya gari badala ya barabara inayokuja, na rangi yake ya breki haijui tairi zako zina joto kiasi gani wala mafuta yamebaki kiasi gani kwenye tangi. Uwashe lapu chache ujue traki inaelekea wapi, uzime.

Visaidizi: kile kinachonyoosha gari chenyewe zima, maana kinaficha kosa ulilofanya na hutajua. Kizuia tairi kufunga, ABS, kiache kama gari halisi linacho na kama halina usiwe nacho. Magari ya mbio ya daraja la GT3 ya kweli yana ABS na kizuia tairi kuzunguka bure, kwa hiyo kuvitumia kwenye gari hizo sio udhaifu, ni gari ilivyo. Gia za kujipandisha zenyewe pia jizoeze kuziacha, gia unayotumia kwenye kona ndo inakupa au kukunyima nguvu ya kutokea.

Jambo la mwisho, nguvu inayorudi kwenye usukani usiiweke kubwa kwa kutafuta uanaume. Ikizidi uwezo wa mota ya usukani yale matetemo madogo yanayokwambia tairi inaanza kuteleza yanapotea yote, unabaki na uzito tu. Punguza mpaka uhisi tofauti kati ya tairi inayoshika na inayoanza kuachia.

gia_ya_tatu:

Asanteni sana wakuu, nimekaa na haya mambo kidogo na yamebadilika. Nimeweka mtazamo finyu kama dada alivyosema, mwanzoni nilihisi naendesha kupitia tundu la ufunguo ila sasa naona kabisa kibao cha mita kinapofika. Breki nimerudisha nyuma sana. Kona ya 11 natoka salama, na cha ajabu muda umeshuka japo najihisi naenda taratibu.

Kimebaki kitu kimoja kinanichanganya. Nikimaliza breki yote nikiwa nimenyooka, nikaachia pedali kabisa ndo nikakunja, kuna kona pua inakuwa nyepesi, gari inapitiliza tena upande wa nje, hasa kona ya 2 ile ndefu ya kushoto. Nimesikia watu wanasema breki inaingia nayo ndani ya kona. Sasa ni lipi? Na pale kwenye Corkscrew, zile kona za mteremko za kushoto kulia, naomba mwongozo maana sioni barabara kabisa.

tairi_baridi:

Hapo ndo naomba nitofautiane kidogo na mzee_wa_breki, kwa heshima. Kumwambia anayeanza breki zote ziishe gari likiwa limenyooka ni sawa kwa muda mfupi tu, akikaa nayo muda mrefu inamganda, kuiondoa baadaye ni kazi kubwa. Mimi naona afundishwe kuachia breki ndani ya kona mapema, na MX-5 ni gari zuri sana la kujifunzia kwa sababu linaenda taratibu na kila kosa linakuonyesha waziwazi.

Iko hivi ndugu. Ukikanyaga breki uzito wa gari unahamia mbele, tairi za mbele zinagandamizwa chini na zinapata gripu zaidi. Ukiachia pedali ghafla kabla ya kukunja, pua inanyanyuka, uzito unarudi nyuma, na wewe ndo kwanza unaziomba tairi za mbele zifanye kazi wakati zimepunguziwa mzigo. Ndo hiyo pua nyepesi unayoisikia. Dawa yake ni kuachia breki taratibu wakati unakunja, mkono unaongeza, mguu unapunguza, vinapishana, na pedali inafika sifuri karibu na apeksi. Sio kubana breki ndani ya kona, ni kubakiza kidogo tu, ile mikia ya mwisho ya breki, kama asilimia 10 au 20 hivi ukiwa unaanza kukunja. Kona ya 2 ya Laguna Seca ni ndefu na unagusa ndani mara mbili, kwa hiyo ni darasa zuri, utabaki na breki kidogo mpaka unapoelekea ile apeksi ya kwanza na utaona pua inavyofuata bila kulazimisha usukani.

Ila angalia upande wa pili. Uzito ukiwa mbele, nyuma ni nyepesi. Ukibakiza breki nyingi huku umekunja sana, nyuma itazunguka, na ukishusha gia mapema mno injini inabana tairi za nyuma inakuwa vile vile. Subiri spidi ishuke ndo ushushe gia, moja moja.

Na ikianza kuteleza nyuma, mikono iende upande ule ule nyuma inakoelekea, haraka, alafu, hii ndo wengi wanasahau, urudishe usukani katikati haraka vile vile gari linaposhika. Usiporudisha linakutupa upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo. Na mguu wa mafuta usinyanyue wote kwa kushtuka, ukinyanyua uzito unahamia mbele tena na nyuma inazidi kuwa nyepesi. Punguza, usitupe.

Corkscrew: barabara inaporomoka kama mita 18 kati ya kona ya 8 na pale chini, na ukiwa juu kweli huoni kitu. Breki zote fanya kabla ya kilele, kwenye kupanda, maana gari likianza kushuka tairi zinapungukiwa uzito na breki hazishiki. Kunja kushoto, ukishapita ile apeksi ya kwanza usisubiri uone barabara, elekeza pua kwenye vilele vya miti uliyochagua kwa mbali na barabara itakuwepo chini yake. Gari litatua lenyewe upande wa kulia.

mzee_wa_breki:

Nimekusoma tairi_baridi na sina ubishi na maelezo, yote sahihi. Nachoshikilia ni mpangilio. Mtu ambaye bado hajaweza kukanyaga mahali pale pale lapu tano mfululizo, ukimpa na kuachia ndani ya kona hatajua kosa limetoka kwenye alama, kwenye nguvu ya mguu au kwenye kuachia. Kwanza alama, pili nguvu, tatu kuachia. Kwa kuwa mwenzetu kaanza kusikia pua inakuwa nyepesi basi kashafika ya tatu, aendelee.

Na niongeze, usijipime kwa lapu moja ya kasi. Pima tofauti kati ya lapu yako nzuri na mbaya bila kutoka nje. Zikiwa zinapishana sekunde mbili tatu bado unabahatisha hata kama ile nzuri ni nzuri sana. Zikikaribiana ndani ya nusu sekunde hapo ndo sogeza alama za breki. Kaa kwenye gari moja na traki moja. Kuruka leo GT3 kwenye traki ya Spa, kesho traki ya Nordschleife ambayo ina karibu kilomita 21, kunafurahisha lakini mguu haukariri chochote.

mkia_wa_gridi:

Nachangia upande wa kuendesha na wenzako maana najua utaenda onlaini muda si mrefu, na huko mambo mengi yanaharibika kwenye kona ya kwanza.

Mwanzo wa mbio tairi ni baridi, tangi limejaa, na magari yaliyo mbele yanabana breki mapema kuliko alama yako ya mazoezi, tena ukiwa nyuma ya gari lile la mbele linakukatia hewa na unafika na spidi zaidi. Kwa hiyo alama yako ya kawaida haifai kabisa lapu ya kwanza, ivute nyuma. Angalia traki ya Monza, straiti ndefu inaishia kwenye chikani finyu mno, kulia kushoto, kila mtu anataka nafasi mbili pale na nusu ya uwanja inaishia kwenye mchanga. Ukiipita salama umepata nafasi bila kumpita mtu yeyote.

Ukizunguka, kanyaga breki na klachi pamoja ushikilie mpaka gari lisimame. Gari lililosimama wenzako wanaweza kulikwepa, linalojirudisha barabarani lenyewe hakuna anayejua linaenda wapi. Usirudi kwenye njia mpaka uone pako wazi, hata kama unapoteza muda.

Ukitaka kumpita mtu, uwe umeshafika ubavuni kwake kabla hajaanza kukunja. Kujirusha ndani akiwa tayari anakata kona ni kumgonga tu hata kama kulikuwa na nafasi ulipoiona. Na wewe ukiwa unapitwa usihame njia mkiwa kwenye breki, yule wa nyuma ameshaamua na hawezi tena kubadili.

Kwenye iRacing, simuleta ya mbio za onlaini, kuna hesabu ya usalama wa dereva, ukitoka nje ya traki unapata pointi moja mbaya, ukipoteza gari mbili, kugongana kwa nguvu nne, na mfumo hauangalii nani mwenye kosa. Wengine wanalalamika kwamba ni uonevu. Mimi naona imenifundisha kusoma watu, unaona kabisa huyu wa mbele anahangaika na gari lake, unampa nafasi, kona mbili mbele anatoka mwenyewe.

gia_ya_tatu:

Haya ni zaidi ya nilichotegemea, nashukuru mno wote. Nimejaribu kona ya 2 na breki ya kubakiza, ikikubali raha yake sielezi, pua inafuata yenyewe. Shida inakubali lapu moja, inayofuata ama nimebakiza nyingi ama nimeachia yote. Pedali zangu ni zile za kawaida, laini, zinapima umbali mguu ulioshuka. Je nibadilishe pedali au ni mguu wangu tu?

bi_apeksi:

Usibadilishe bado. Ni kweli pedali zinazopima nguvu ya mguu zinasaidia, misuli inakariri nguvu vizuri kuliko inavyokariri umbali, na siku ukipata nafasi ya kuongeza kitu ongeza pedali kabla ya usukani. Ila hizo ulizonazo zinatosha kujifunza hili.

Kwanza hakikisha pedali hazisogei sakafuni hata kidogo, zibane ukutani au kwenye ubao. Kisigino kiwe chini, kisinyanyuke, uachie kwa kifundo cha mguu sio kwa goti. Alafu washa kile kidirisha kinachoonyesha pedali kwenye skrini, simama pembeni ya traki gari limezimwa, fanya mazoezi ya kukanyaga mpaka asilimia 80 na kuachia polepole mpaka sifuri bila mstari kukatika. Baada ya hapo ndo uende kona ya 2, ukimaliza rudia replei uangalie huo mstari wa breki tu, usiangalie muda. Ukiona umeshuka kama ngazi badala ya mteremko, mguu ndo uliokosea, rudia. Tuletee majibu hapa tukuone umefikia wapi.